Kebo ya Mabenchi ya Kushoto

Nilikuwa bobineur, yaani fundi wa kusuka upya mota zilizoungua. Unafungua mota, unang'oa waya uliogeuka makaa, unahesabu mizunguko, unasuka waya mpya, unapaka vanishi, unairudisha ikafanye kazi. Nilifanya hivyo miaka kumi na minane katika karakana ya kampuni hapa Likasi, na sitajifanya mnyenyekevu, nilikuwa hodari. Mota niliyoisuka mimi ilikuwa hairudi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba yaliyotokea kanisani yalikuwa bahati mbaya. Padri wa sasa aliniambia hivyo, sikumkubalia. Mimi nilikuwa na macho, nilikuwa na mita ya kupimia, na nilikuwa nimeambiwa.

Aliyeniambia ni baba mkwe wangu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi. Alisoma hapa, akajifunza umeme hapa, akazika hapa watoto wawili. Miaka mingi alikuwa Kambove akitunza mota za mashine za kuponda mawe, na zile mashine zilimla masikio. Mwanzoni alikuwa anaomba watu warudie walichosema. Baadaye akaacha kuomba, akawa anacheka wenzake wakicheka. Watu humdhania kiziwi kuwa mjinga, na yule mzee alikuwa na akili ya kunishinda mimi na karakana nzima.

Parokia yetu ilijaa wazee wa namna hiyo. Padri wetu wa zamani, mzungu mmoja mwenye ndevu tuliyemwita mon père, aliporudi kutoka likizo kwao aliwaletea vifaa vidogo vya kuvaa nyuma ya sikio, na pamoja navyo ampli moja ya rangi ya kijivu, mashine ya kukuza sauti. Yeye na baba mkwe walitandika waya chini ya mbao za sakafu, ukazunguka mabenchi yote ya upande wa kushoto na kurudi kwenye ampli. Msomaji akiongea kwenye mikro, ampli inasukuma sauti yake ndani ya ule waya kwa njia ya umeme. Mzee akikaa ndani ya duara na kusogeza kiswichi cha kifaa chake kwenye herufi T, anaisikia sauti moja kwa moja sikioni, bila kelele za watoto, bila vikohozi, bila mwangwi wa kanisa. Wengine wote kanisani hawasikii tofauti yoyote.

Mke wangu ndiye alikuwa msomaji wa somo la pili. Nyumbani, ili baba yake amsikie, ilimbidi akaribie sikio na kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame. Kanisani alisoma kwa utulivu, na mzee, benchi ya tatu kushoto, alisikia kila neno. Aliniambia mwenyewe siku moja, kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "Nyumbani nasikia kelele yake. Kanisani njo nasikia mutoto yangu."

Sasa lazima nieleze habari ya ukwe, bila hiyo hutanielewa. Kwetu mume haketi benchi moja na baba mkwe, hali naye sahani moja, hagusi vitu vya mwili wake, kofia wala kitana. Na zaidi ya yote hampandishii sauti. Unaongea naye polepole, macho chini. Haya, wewe niambie, utaongeaje polepole na mtu asiyesikia? Miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kumwambia yule mzee sentensi moja nzima. Nilitikisa kichwa kukubali, nilisema "ndiyo, Baba" kwa midomo, na mambo makubwa niliyapitisha kwa mke wangu, naye akampigia kelele. Wenzangu karakanani walinitania sana. "Weye uko na bahati," walisema, "mukwe yako hawezi kukusikia hata ukimutukana!"

Kisha kila kitu kikaanguka. Padri mzungu alirudi kwao akiwa mgonjwa, na baada yake ampli ikanyamaza, hakuna aliyeifungua kwa miaka miwili. Karakanani mashine zilizimwa moja baada ya nyingine. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ukawa unakuja unapotaka. Halafu likaanza lile la kuwafukuza watu wa Kasai, hata waliozaliwa hapa, eti ni wageni. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakipiga milango, "Murudie kwenu!" Kwenu wapi? Baadhi ya vijana hao niliwaona wakibatizwa. Walimtoa baba mkwe katika nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, yeye na mama mkwe, na godoro moja na sufuria mbili. Matusi waliyomtukana hakuyasikia. Mama mkwe ndiye aliyeyasikia yote.

Nilitaka waje kwangu. Mzee alikataa, alisema watakuja kuniunguzia nyumba na wajukuu ndani. Wakaenda kungoja treni stesheni, pamoja na ule umati uliolala chini ya maturubai kando ya reli, mvua ikiwanyea. Mke wangu waliniachia kwa sababu baba yangu ni Musanga na mama yangu Mubemba, makabila ya hapa. Ndivyo walivyosema, wananiachia, kama vile ni kuku.

Alikuwa anaenda stesheni kila siku na chakula. Siku moja alirudi, akaweka beseni chini, akasimama mbele yangu.

"Baba anasema treni yabo iko karibu kufika. Anaomba kintu moja tu. Siku ya yenga, Jumapili hii, anataka anisikie nikisoma. Anasema mukwe yake atengeneze ile ampli."

"Iko na pile ya kutia mu apareyi?" nikauliza, maana kile kifaa cha sikioni hakiendi bila betri.

"Iko na moja tu, anaichunga mu kitambaa." Akaanza kulia. "Anasema maneno anaweza kujisomea. Sauti yangu, anasema, nani atamuandikia?"

Nilimwambia asilie, nitaitengeneza. Nilisema kwa kujigamba kabisa. Ampli ni nini mbele ya mota ya pampu?

Jumatatu nilikwenda kanisani na mfuko wangu. Ampli ilikuwa katika kabati la sakristia, imejaa vumbi na mayai ya mende. Nikaifungua, nikaipangusa, nikaanza mahali pa kuanzia. Fyuzi ilikuwa nzima. Kwenye transfoma umeme uliingia na kutoka vizuri. Nikakuta kondensa moja imevimba, nikaitoa, nikatia nyingine niliyoing'oa katika redio iliyokufa. Taa ya kijani ikawaka. Mahali pa waya wa sakafuni nikaunga kwa muda spika ya zamani, nikagonga mikro kwa kidole, nikasikia, tu, tu, tu. Ampli ilikuwa haina ugonjwa.

Basi ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Nikaweka mita kwenye ncha zake mbili, mshale ukabaki umelala. Nikang'oa ubao wa kwanza, hakuna waya. Wa pili, hakuna. Mtu alikuwa ameuvuta wote, mabenchi yote ya kushoto, akaacha vipande viwili tu karibu na ukuta, kila kimoja kama urefu wa kiganja. Nilitukana humo humo kanisani, Mungu anisamehe. Haikutosha kuwafukuza wazee wa watu, mnawaibia na nyuzi za masikio!

Nikavishika vile vipande. Ulikuwa waya mwembamba sana, wa kengele ya mlangoni. Nikacheka kwa dharau, na ujinga wangu ulianzia hapo. Sisi watu wa Likasi tumezaliwa juu ya shaba, tumekula kwa shaba, na kwetu sisi waya mwembamba ni waya wa mtu asiye na kitu. Halafu mimi ni bobineur. Kila mota iliyoletwa kwangu imeungua, niliikuta imesukwa na mtu aliyebania shaba. Waya mwembamba unazuia umeme, unapata moto, unaungua. Waya mnene unapitisha. Miaka kumi na minane nilisema maneno hayo kila siku, yakawa sala yangu.

Karakanani kulikuwa na kebo ya pampu ya Kakanda iliyokufa, shaba tupu, nene kama kidole gumba. Nikamwomba mkubwa wetu. Akanyoosha mkono tu, "Kamata. Pampu yenyewe iko wapi?" Nikaibeba kwenye baiskeli mara mbili. Njiani nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilijiambia mzee atamsikia binti yake kuliko alivyowahi kumsikia.

Jumatano nilikuwa nimepigilia nusu ya duara wakati baba mkwe alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka stesheni kwa miguu, suruali imejaa tope hadi magotini. Nikasimama, nikainamisha macho. Yeye akainama, akainua kebo, akaipima uzito mkononi, na sauti yake ikajaa kanisa zima.

"Mukwe! Hii iko munene mingi! Ile ya kwanza ilikuwa kidogo, tulipima na mon père. Hii ampli inataka waya yenye kuikatalia kidogo. Usipoikatalia, itajimwanga yote mpaka itaungua! Pima kwanza, mbele ya kuunga!"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia, Baba, hayo ni mambo ya zamani, mimi waya naujua. Lakini jibu hilo lilihitaji kupiga kelele, na baba mkwe hapigiwi kelele. Ningeweza kuandika, penseli ilikuwa nyuma ya sikio langu. Ningeweza kuchukua mita na kupima mbele yake, dakika moja ingetosha. Nilitikisa kichwa. "Ndiyo, Baba," nikasema kwa midomo. Akaniangalia kidogo, akaridhika, akashika njia yake ya kurudi stesheni. Mimi nikangoja atoke mlangoni, nikaokota nyundo, nikaendelea kupigilia kebo ile ile.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilichoka, ni kweli. Nilikuwa nimemaliza nusu. Nilimwona mzee amechanganyikiwa na mateso ya stesheni. Na ile adabu ya ukwe, ambayo wenzangu walinitania kwayo, siku hiyo ilinifaa kwa kuficha kiburi. Nyuma ya ampli, karibu na matundu ya kuungia, palikuwa na tarakimu 4 na ile alama ya ukinzani, yaani kipimo cha chini ambacho waya ulipaswa kuikatalia ampli. Niliiona kwa macho haya. Nikasema hiyo ni ya spika.

Jumamosi nilitaka kujaribu. Umeme ulikosekana kutwa. Ulikuja jioni dakika chache, taa ya kijani ikawaka, ukaenda zake. Hata ungekaa, ningejaribu na nini? Wazee wengine wenye vifaa walikuwa wamekwisha kuondoka na treni za kwanza. Kilibaki cha baba mkwe peke yake, na kuweka sikioni mwangu kitu kilichotoka sikioni mwake, mimi nisingethubutu. Nikafunga kabati, nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu iko tayari. Alinikumbatia mbele ya watoto, jambo ambalo hakuwa analifanya.

Jumapili umeme ulikuwapo tangu asubuhi. Mzee alikaa benchi ya tatu kushoto, mashati yote yamebaki kwa wezi isipokuwa moja jeupe alilovaa, mama mkwe amelifua stesheni na kulikausha juu ya turubai. Nyuma yake na mbele yake mabenchi yalikuwa matupu. Nilimwona akifungua kitambaa, akatia ile pile moja, akasogeza kiswichi. Mimi nilikuwa mlangoni pa sakristia, ampli mbele yangu. Sikuiwasha mapema. Nilitaka kuitunza kwa ajili yake tu.

Mke wangu akapanda kwenye mimbari. Nikawasha, nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, maana nilitaka apate tele.

"Ndugu zangu," mke wangu akasema.

Uso wa mzee ukafunguka. Niliuona. Alinyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Sijawahi kumwona mtu mzima na uso wa namna hiyo, na ukiniuliza leo nini kinanitesa, nitakuambia ni uso huo, maana haukudumu hata pumzi mbili.

Nikasikia harufu. Mimi naijua harufu ya kitu kinachoungua, nimeishi nayo. Moshi mwembamba ulitoka kwenye matundu ya ampli, ukapotea juu. Kebo yangu ya shaba tupu haikuikatalia chochote, na ampli ikajimwaga yote, sawasawa na alivyosema. Ile taa ya kijani, shenzi, iliendelea kuwaka. Hakuna aliyejua, ila mimi na mtu mmoja.

Akapeleka mkono sikioni, akabonyeza kile kifaa mara moja. Halafu akageuka taratibu, akaniangalia. Nilipiga hatua mbele. Nilitaka kumsimamisha mke wangu, niseme mbele ya wote, ngojeni, imeungua, mimi ndiye niliyeiunguza. Mzee akashusha kiganja chake juu ya goti, polepole, namna unavyomtuliza mtoto. Tulia. Kisha akageukia mimbari, akaanza kutikisa kichwa kama anayesikia.

Alitikisa kichwa somo lote. Mke wangu alipopumzika, alitikisa. Mke wangu alipoinua macho kumtafuta, alitabasamu. Alimfanyia binti yake vile vile nilivyomfanyia yeye Jumatano, tofauti ni kwamba yeye alifanya kwa upendo. Nilibaki nimeshika mlango wa kabati.

Misa ilipokwisha mke wangu alimkimbilia, akaweka mdomo kwenye sikio lake. "Baba! Ulinisikia?"

"Yote, mama," akajibu. "Yote."

Mke wangu alicheka na kulia. Akanijia mimi, akanishika mikono yote miwili. "Aksanti, bwana yangu. Mungu akubariki." Nilipokea zile shukrani. Ningefanya nini? Mzee alikuwa anatuangalia.

Treni ilikuja siku ya tatu. Ilikuwa mabehewa ya mizigo, watu wanapandishana kama magunia, akina mama wanaita watoto wao. Mke wangu na mama yake walikuwa wanafunga godoro. Baba mkwe akanivuta shati pembeni. Hakuwa amewahi kunigusa. Alijaribu kunong'ona, na kunong'ona kwake watu watatu walikusikia.

"Mukwe. Weye unamusikia kila siku. Minye nilisikia maneno mbili tu. Sauti yake iko namna gani sasa?"

Nilikuwa mume wake. Sauti ile iliniamsha asubuhi, ilinigombeza, iliimba wakati wa kuchekecha unga, iliita watoto waoge. Mzee alikuwa ananiomba nimpe kidogo aende nayo. Nikaweka ukwe wote pembeni, nikakaribia sikio lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikampigia kelele.

"IKO MUZURI, BABA!"

Watu waligeuka. Mama mkwe akaziba mdomo. Mzee akabaki ameinamisha sikio, anangoja niendelee. Nikatafuta neno lingine. Nyororo? Nzito? Imefanana na ya nani? Sikuwa nimewahi kuisikiliza kwa namna hiyo, nilikuwa nayo bure kila siku. Alingoja, akangoja, mpaka wakaita tena wapande. Akasema, "Aksanti, mukwe," akapanda.

Hakufika. Treni zile zilikuwa zinasimama siku nyingi porini, bila maji, na yeye alishikwa na kuhara, wakamzika kando ya reli mahali ambapo mama mkwe hakujua panaitwaje. Barua ilitufikia baada ya wiki nyingi, imeletwa mkono kwa mkono.

Tulikaa matanga nyumbani kwetu, hata kama mwili ulikuwa mbali. Majirani walikuja, na wengine wao walikuwa wazazi wa wale vijana waliowafukuza. Mke wangu alikaa kwenye mkeka siku mbili, hali, haongei. Siku ya pili alasiri, mama mmoja alipompa pole, akafungua mdomo.

"Kila kintu banamunyanganya baba yangu. Lakini sauti yangu alienda nayo. Alinisikia ile siku ya yenga, alisema mwenyewe, yote." Akanigeukia, macho yamevimba. "Weye ulikuwa pale kwa ampli. Ulimuona. Si alinisikia?"

Wanawake wote wakaniangalia.

"Alikusikia," nikasema. "Yote."

Akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kitenge, akaomba bukari, ugali wetu. Wakamletea na mboga. Alikula mbele yangu, tonge kwa tonge, na mimi nikakaa namwangalia.